Jina lako likiwa na uzito kazini: kumsaidia muuguzi au mhudumu mgeni Uingereza bila kumponza

Swali: Mimi ni Mkenya, muuguzi msimamizi wa wadi (bendi ya 7) katika hospitali ya serikali (NHS) kaskazini mwa Uingereza. Uraia ninao, nyumba ninayo, watoto wamekua. Kazini na kanisani nimezungukwa na vijana wetu waliokuja kwa viza ya kea, yaani kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Wengine ni wauguzi waliosomea nyumbani lakini huku wanawaosha na kuwalisha wazee. Wengine wameajiriwa kwa jina tu, saa za kazi hawapewi. Mmoja kampuni yake imenyang'anywa leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje. Kila wiki natoa pauni 20 hapa, 50 pale, na sioni kinachobadilika. Nilicho nacho kweli ni nafasi yangu. Nianzie wapi, na nisiguse nini?

Jibu: Dada, hizo pauni 20 zinamlisha mtu siku tatu, na si vibaya. Lakini wanachokosa zaidi hawa vijana ni mtu wa kuaminiwa akisema jambo. Wewe ukimpigia simu meneja, anapokea. Ukiandika barua, inasomwa. Ukiuliza swali kikaoni, linaingia kwenye kumbukumbu. Hicho ndicho cha kutumia, ila kina makali pande zote mbili: mkikosea pamoja, wewe utaitwa kwenye kikao cha nidhamu, yeye atafungashwa arudi nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu yoyote kwa ajili ya mtu, muulize kwanza anataka nini na anaogopa nini, kisha umngoje ajibu.

Usiwachukulie pia kama watu wenye bahati mbaya; ni mfumo uliowafikisha hapo. Kazi ya kea iliingizwa kwenye viza ya afya Februari 2022. Tangu tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wapya wakazuiwa kuja na familia, na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu kutoka nje ukafungwa. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hii, na wafanyakazi waliohusishwa na waajiri hao walizidi 39,000. Kijana wako mmoja amepatwa na hilo hilo.

Anza naye huyo, kwa sababu saa yake inakimbia

Mwajiri akipoteza leseni, Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, humwandikia mfanyakazi barua ya kufupisha viza. Kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mpya na kutuma ombi jipya, au kuondoka. Siku hizo huhesabiwa kwa tarehe iliyoandikwa ndani ya barua. Hazianzi siku kampuni ilipofungwa wala siku alipoambiwa asije kazini. Barua inaweza kuchelewa wiki au miezi, na kipindi hicho cha kungoja ndicho bora cha kutafuta kazi. Wengi hukipoteza kwa kujificha, wakidhani wameshakuwa haramu.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni dogo sana. Vijana wengi walijaziwa fomu na wakala, na wakala akaweka barua pepe yake mwenyewe. Barua ya siku 60 ikitumwa, inaingia kwenye sanduku la mtu aliyeko Nairobi ambaye hajibu tena simu. Kaa naye jioni moja, mfungue akaunti yake ya UKVI, ile inayobeba viza ya kielektroniki, mwangalie mambo matatu: barua pepe ni ya nani, namba ya simu ni ya nani, anwani ni ipi. Vibadilishwe hapo hapo. Awe anashika simu mwenyewe, na nywila iwe yake, usiijue wewe.

Kisha tazameni orodha ya wadhamini wenye leseni kwenye tovuti ya serikali, ambayo huhuishwa mara kwa mara. Jina la kampuni likikosekana haimaanishi lazima kwamba leseni imefutwa, kwa sababu iliyosimamishwa kwa muda nayo huondolewa kwenye orodha. Tofauti ni kubwa: leseni ikiwa imesimamishwa tu, mfanyakazi aliyekwisha kuajiriwa anaendelea na kazi.

Akipata mwajiri mpya, mwajiri huyo humpa cheti cha udhamini, kile wanachokiita CoS, naye hutuma ombi kabla siku hazijaisha. Akishatuma kwa wakati, ruhusa yake ya kukaa huendelea mpaka uamuzi utoke. Lakini kazi mpya haanzi mpaka akubaliwe. Hapa ndipo mameneja wenye haraka humponza mtu kwa kumwambia "njoo uanze Jumatatu, karatasi zitafuata." Ukimjua meneja wa namna hiyo, mpigie wewe, kwa sababu kijana hawezi kumkatalia mtu anayempa riziki.

Tena huyo mwajiri mpya hana haki ya kumlipisha gharama za cheti hicho wala ya leseni. Akiambiwa alete pauni elfu kadhaa "za sponsa", hiyo ni biashara haramu. Katika mikoa ya England kumekuwa na ushirikiano maalumu wa sekta ya kea unaowaunganisha waliopoteza mdhamini na waajiri halali, bila malipo. Wadi yako inapeleka wagonjwa kwenye nyumba za wazee zenye uuguzi kila wiki, kwa hiyo unawajua mameneja wazuri na wabaya kwa majina. Hiyo orodha iliyo kichwani mwako ina thamani kuliko mchango wowote wa kanisani.

Usigeuke wakili

Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999 inakataza kutoa ushauri wa uhamiaji kama huduma bila kusajiliwa, hata kama hulipwi senti, na adhabu inafika kifungo cha miaka miwili. Kumsikiliza rafiki jikoni si kosa. Lakini kanisa likitangaza "msaada wa viza kila Jumamosi", tayari limeingia eneo hilo. Msimamizi wa washauri ni Immigration Advice Authority, iliyokuwa ikiitwa OISC hadi Januari 2025, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa kila mtu. Unachoweza kufanya bila woga ni kumsomea barua kwa Kiswahili, kutoa nakala, kumsindikiza kwa mshauri, hata kulipa ada ya mshauri. Usimwambie "omba hii, acha ile". Kanuni hizi hubadilika mara kadhaa kwa mwaka, na ulichokipitia wewe zamani hizo hakipo tena.

Waambie pia wajiunge na chama cha wafanyakazi sasa hivi, kabla ya tatizo. RCN, chama cha wauguzi, na UNISON, cha watumishi wa umma, husaidia wanachama wao kazini na katika mambo ya uhamiaji, lakini ni vigumu kuwasaidia kwa mgogoro ulioanza kabla mtu hajajiunga. Ukitaka kutoa pauni 20, lipa ada ya chama.

Wauguzi waliokwama kwenye kea

Hapa ndipo nafasi yako inafanya kazi kuliko popote, na ndipo ningeweka nguvu zangu nyingi. Muuguzi aliyesomea Kenya akisajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, anaweza kudhaminiwa kama muuguzi, na hategemei tena njia ya kea inayozidi kubanwa. Kinachowazuia wengi ni Kiingereza cha karatasi. NMC inataka alama 7 kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Au OET, mtihani wa Kiingereza cha watu wa afya, daraja B katika hayo matatu na C+ katika kuandika. Mtu anapata 7.5, 7.5, 7, halafu kuandika 6, anakata tamaa na kuitupa ile karatasi. Asiitupe. Matokeo ya mitihani miwili yaliyo ndani ya miezi 12 huweza kuunganishwa, mradi hakuna alama iliyoshuka zaidi ya nusu chini ya kiwango.

Tangu Februari 2023 kuna mlango mwingine: NMC hupokea ushahidi wa mwajiri kuhusu Kiingereza cha mwombaji. Unawahusu waliokosa alama kwa nusu tu katika eneo moja, na waliosomea uuguzi kwa Kiingereza katika nchi ambayo Kiingereza si lugha ya wengi nyumbani. Wakenya wengi wamo katika kundi hilo la pili bila kujua. Mwombaji awe amefanya kazi ya afya au ya kea hapa Uingereza miezi 12 ndani ya miaka miwili iliyopita. Fomu hujazwa na msimamizi wake wa kazi aliyesajiliwa na NMC, na kuthibitishwa na msajiliwa mwingine wa cheo cha juu.

Soma hilo sharti la mwisho tena. Kampuni za kea ya nyumba kwa nyumba mara nyingi zina mameneja wasio wauguzi, kwa hiyo hakuna wa kusaini. Nyumba za wazee zenye uuguzi zinaye. Ndiyo maana kwa kijana anayechagua kati ya waajiri wawili wanaolipa sawa, mwenye muuguzi msajiliwa juu yake ni bora, hata kama ni kupanda mabasi mawili kumfikia.

Kwa walio kwenye wadi yako, saini ni yako. Usisaini kwa huruma. Anza kukusanya mifano miezi mitatu kabla: tarehe aliyotoa ripoti ya zamu bila kusaidiwa, namna alivyomweleza binti wa mgonjwa utaratibu wa kurudi nyumbani, maandishi yake kwenye fomu ya tukio. Fomu inapima kusoma, kuandika, kuzungumza na kusikiliza, kila kimoja peke yake. Sentensi kama "Kiingereza chake ni kizuri sana" haisaidii kitu, na ikibainika umethibitisha usichokiona, usajili unaoguswa ni wako. Kama hayuko chini yako huwezi kusaini, lakini unaweza kumpigia meneja wake na kumwonyesha fomu inavyojazwa. Mameneja wengi hukataa kwa sababu tu hawajawahi kuiona.

Jambo moja la nyumbani: asiache leseni yake ya Baraza la Uuguzi la Kenya ife eti yuko Ulaya. NMC huthibitisha usajili wake moja kwa moja na baraza hilo.

OSCE, na chumba kisicho na mtu

Aliyedhaminiwa kama muuguzi lakini bado hajasajiliwa hutakiwa afanye OSCE, mtihani wa vitendo wa kusajiliwa na NMC, kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu tangu kuanza kazi, na awe amesajiliwa ndani ya miezi minane. Mtihani una vituo 10: vinne vya mchakato wa uuguzi vinavyofuatana kwa mgonjwa mmoja, vinne vya ujuzi vilivyopangwa viwili viwili, na viwili vya kimya vya kuandika. Akianguka vituo saba au pungufu, hurudia hivyo tu, kwa nusu ya ada.

Wauguzi wetu hawaanguki kwa kutojua kazi. Mtu aliyewahi kuwa peke yake usiku na wagonjwa 40 anajua kuweka kanula. Wanaanguka kwa kunyamaza. Mtahini huweka alama kwa anachosikia na kuona: jina kamili na tarehe ya kuzaliwa vikilinganishwa na kitambaa cha mkononi, mzio ukiulizwa kwa sauti, ridhaa ikiombwa, mikono ikisafishwa kila mara. Kwenye chati ya NEWS2, inayopima kama hali ya mgonjwa inazorota, wanajumlisha alama sawasawa kisha hawasemi watafanya nini. Jumla ya 5 inadai daktari aitwe kwa haraka, 7 ni dharura. Kwenye karatasi wanasahau saa, au wanaandika jina bila saini.

Basi mpe vitu viwili ulivyonavyo. Cha kwanza ni ratiba: usimpange zamu tatu za usiku katika wiki ya mtihani, na umwandikie saa za kujifunza ndani ya ratiba rasmi, siyo "ukipata nafasi". Cha pili ni chumba cha pembeni kikiwa wazi, na vifaa vilivyopita muda wake badala ya kutupwa. Simama na saa, dakika 15, mwache aseme kila hatua, na usimsahihishe katikati. Andika makosa, mwonyeshe mwishoni. Haki hiyo mpe kila anayejiandaa, awe Mkenya, Mhindi au Mfilipino, la sivyo kesho watasema wadi ni ya kabila lako, na ulichojenga kitavunjwa kwa malalamiko mamoja.

Wasiopewa saa, na wanaolipwa nusu

Kijana asiyepewa saa na mdhamini wake mara nyingi hukimbilia zile saa 20 za ziada kwa wiki kwa mwajiri mwingine. Saa hizo zinaruhusiwa kwa masharti, na kubwa ni kwamba bado anafanya kazi aliyodhaminiwa. Kama kazi ya msingi haipo, hizo hazimlindi, zinamweka hatarini. Mpeleke kwa mshauri aliyesajiliwa kabla hajaongeza zamu.

Anayelipwa pungufu, kaeni na kalamu. Chukua mhudumu wa nyumba kwa nyumba anayelipwa pauni 13 kwa saa. Siku yake ina saa 7 za kukaa na wazee, na saa mbili na nusu za kuendesha gari kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine. Kampuni inamlipa saa 7 tu, pauni 91. Lakini muda wa kusafiri kati ya wateja ni muda wa kazi katika hesabu ya kima cha chini. Gawanya 91 kwa 9.5: pauni 9.58. Kima cha chini kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21, kwa hiyo siku hiyo peke yake amepunjwa karibu pauni 25, kabla hujatoa mafuta ya gari ambayo hakurudishiwa. Safari ya kutoka nyumbani asubuhi na ya kurudi jioni haihesabiwi, na hesabu rasmi hufanywa kwa kipindi chote cha malipo, si kwa siku. Wakishaona namba hizo kwenye karatasi, wengi ndipo huacha kujilaumu.

Ushahidi ukusanywe mapema: mkataba, hati za mshahara, taarifa za benki, picha za skrini za ratiba kutoka kwenye programu ya kampuni, ujumbe wa WhatsApp wa meneja. Siku akifukuzwa, programu ile hufungwa saa hiyo hiyo na ratiba zote zinapotea. Ila asipige picha ukurasa wenye jina la mzee au habari za ugonjwa wake. Watu wenye haki kamili wamejikuta washtakiwa kwa kuvunja faragha ya mgonjwa. Kama ameshafungiwa, anaweza kuiomba kampuni kwa maandishi impe taarifa zake binafsi, nayo kwa kawaida ina mwezi mmoja kujibu.

Kuripoti je? Hili ndilo gumu kuliko yote. Malalamiko ya mmoja yanaweza kufuta leseni, na wenzake 30 wakapata barua za siku 60. Kwa maoni yangu, usiripoti kampuni kwa niaba ya mtu ambaye hajakubali kwa kinywa chake. Mpe kwanza picha kamili: ushahidi alio nao, mwajiri mpya anayewezekana, mshauri wa kumsimamia. Namba ya Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, ni 0300 123 1100, na wanaeleza haki za kazi bure bila kudai jina. Pale pasipori imeshikwa na mwajiri, deni linakua kila mwezi, au mtu haruhusiwi kutoka nyumbani, huo si mgogoro wa mshahara tena. Simu ya utumwa wa kisasa ni 08000 121 700, na mtu mzima hapelekwi kwenye mfumo wa uokoaji bila ridhaa yake. Lakini kama wazee wenyewe wanaumizwa au wanaachwa bila huduma, wewe kama msajiliwa wa NMC huna hiari. Mwambie kijana hivyo mapema, kabla hajakusimulia, ili asione umemsaliti.

Nyumba yako na mfuko wako

Mgeni asiyelipa kodi anayelala kwako wiki mbili ni mgeni. Akianza kulipa, hata pauni 50 kwa wiki, katika England wewe ni mwenye nyumba, na lazima ukague haki yake ya kupanga kabla hajaanza. Ukipuuza, faini kwa mpangaji wa ndani inafika pauni 5,000 kwa kosa la kwanza. Ukaguzi wenyewe ni wa dakika tano: anakupa namba ya kushirikisha (share code), unaitazama mtandaoni, unahifadhi ukurasa.

Viza yake inasema hapewi fedha za umma, na hofu ya maneno hayo huwafanya wengi wakose vilivyo vyao. Matibabu ya NHS, shule ya watoto, malipo ya ugonjwa kutoka kwa mwajiri na benki ya chakula si fedha za umma. Kwenye kodi ya halmashauri kuna mtego: punguzo la asilimia 25 kwa anayeishi peke yake si tatizo, lakini msaada wa kodi hiyo kwa wenye kipato kidogo ni fedha za umma, na kuuomba kwaweza kuiharibu viza.

Kama kanisani mna chama, tengeni fungu la dharura lenye kanuni zilizoandikwa: kiasi cha juu, nani anaamua, na kwamba ni zawadi au mkopo usio na riba. Lipeni moja kwa moja kwa anayedai: ada ya mtihani, mshauri, mwenye nyumba. Kijana asisimamishwe mbele ya waumini kueleza shida yake.

Vikao usivyovitumia

Unakaa kwenye usaili. Unaitwa kwenye vikao vya nidhamu. Mhudumu mgeni anapoletwa kwa kosa ambalo wiki iliyopita mwenzake mzawa aliambiwa tu "kuwa makini", uliza swali moja, kwa upole, na uombe liandikwe: "Kosa kama hili tulilishughulikiaje mara ya mwisho?" Kila hospitali ya NHS nchini England ina mlezi wa uhuru wa kusema (Freedom to Speak Up Guardian), anayewasikiliza wafanyakazi wenye malalamiko; mpeleke mtu kwake wewe mwenyewe mara ya kwanza, kwa sababu barua pepe ya jumla hawaijibu kwa woga. Na ndugu yako akiomba kazi hapo, tangaza undugu na utoke kwenye jopo.

La mwisho ni huko nyumbani. Bado kuna wanaouza ardhi Kisii na Kitui kulipia "sponsa ya kea", njia ambayo kwa aliye nje imefungwa tangu Julai 2025. Wauguzi wa Kenya huajiriwa kupitia makubaliano ya serikali mbili yaliyosainiwa 2021, na wakala wa Kenya hukaguliwa kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Rekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwenu, useme hayo kwa jina lako na cheo chako, uutume kwenye kundi la familia na la shule uliyosomea. Wakala amewaambia kwamba wanaokataza ni wenye wivu. Wewe wanakujua.